Ghala la Hanang Kando ya Reli ya Kuchezea

Anayetengeneza mandhari ya treni ya kuchezea, akataka kuweka ghala la nafaka pembeni ya reli, mara nyingi huanza na kopo tupu la maziwa ya unga. Analipaka rangi ya fedha, analivika kofia ya karatasi, na kwa mbali linafanana na silo. Ukilisogelea kidogo tu, macho yanakataa, hata kama huwezi kusema kasoro iko wapi. Kasoro ni kwamba kopo halikuundwa kwa ajili ya punje. Silo, kihenge au ghala la magunia limepata umbo lake kutokana na tabia za nafaka iliyomo: inavyosukuma ukuta, inavyoteleza, inavyofyonza unyevu na inavyoliwa na wadudu. Mtengenezaji anayezijua tabia hizo anaweza kujenga sawasawa hata ghala asilowahi kuingia.

Nimechagua Hanang na Mbulu, mkoani Manyara, kwa sababu ndani ya wilaya hizi jirani utakuta karibu kila aina ya hifadhi ya nafaka tuliyowahi kuwa nayo Tanzania. Na kuna sababu nyingine. Treni nyingi za kuchezea zinazouzwa duniani huja na mandhari ya mbuga za ngano za Kanada na Marekani, na kwetu Hanang ndiko palipofanana zaidi na mbuga hizo. Kuanzia mwaka 1970, Kanada ilishirikiana na shirika letu la kilimo na chakula, NAFCO, kuendesha kilimo cha ngano kwa mashine kwenye uwanda wa Basotu. Yalikuja kuwa mashamba 7: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gidagamowd, Warret na Gawal, kila moja likiwa na takribani ekari 10,000. Zilikuja mbegu, matrekta, mashine za kuvunia na wataalamu. Kitu kimoja hakikuja, nacho ni reli.

Hapo ndipo wengi hukosea. Kule Kanada maghala marefu ya mbao yalijengwa ubavuni mwa reli, moja kila baada ya kilomita chache, ili mkulima mwenye mkokoteni wa farasi aweze kwenda na kurudi kwa siku moja. Ghala lilikuwa mtoto wa reli. Hanang ngano ilivunwa, ikahifadhiwa shambani, kisha ikasombwa kwa malori hadi kwenye vinu vya Arusha. Ukiweka silo ya Basotu mita chache kutoka kwenye reli, umeiga Kanada. Mandhari ya kweli ya Manyara yana sehemu mbili: upande mmoja uwanda wenye maghala na barabara, upande mwingine stesheni ambako lori linakutana na behewa. Stesheni hiyo inaweza kuwa Singida, kwenye tawi la reli linalotoka Manyoni, au Arusha, ambako reli ya kutoka Tanga ilifika mwaka 1929 na treni ya abiria ikarejea mwaka 2020 baada ya kukatika kwa miaka mingi. Kati ya sehemu hizo mbili weka barabara ya lami inayopita Katesh. Wageni wako wataielewa nafaka ya Manyara kabla hujasema neno.

Sasa vipimo. Skeli inayotumiwa zaidi kwa treni za kuchezea ni 1:87, yaani kila milimita 87 za kweli huwa milimita moja mezani. Reli zake zina upana wa milimita 16.5, na ukizidisha kwa 87 unapata milimita 1,435, ambao ni upana wa reli yetu mpya, SGR. Ila Singida na Arusha ni reli ya zamani, ya mita moja. Ukigawa milimita 1,000 kwa 87 unapata 11.5, kwa hiyo tafuta reli ndogo za milimita 12 zinazotengenezwa kwa skeli hiyohiyo. Mtu anayetumia reli pana kwa stesheni ya Singida atakuwa na mabehewa yaliyokaa vibaya, na hakuna silo nzuri itakayoficha kosa hilo.

Mlima Hanang una zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na unainuka kwa mita 1,700 hivi juu ya uwanda. Kwa skeli yetu ungehitaji mlima wa karibu mita 20 sebuleni. Uchore ukutani.

Silo yenyewe ndiyo yenye hesabu tamu. Chukua silo ya bati yenye kipenyo cha mita 18 na ukuta wa mita 20. Ujazo wake ni mita za ujazo zipatazo 5,100, na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya mahindi ina uzito wa kilo 720 hivi, inabeba kama tani 3,600. Mezani inakuwa na kipenyo cha sentimita 20.7 na kimo cha sentimita 23. Kopo la maziwa linapwaya mbele yake. Unahitaji kitu chenye ukubwa wa ndoo. Lakini urefu ukigawanywa kwa 87, ujazo unagawanywa kwa 87 mara tatu, yaani kwa 658,503. Zile mita za ujazo 5,100 zinabaki lita 7.7, na tani 3,600 zinabaki kilo 5 na nusu. Hii ndiyo sababu silo ya kuchezea inaweza kutengenezwa kwa karatasi ngumu na ikasimama, ilhali ya kweli inahitaji chuma na zege. Umbo linapungua taratibu, mzigo unapungua kwa kasi.

Kwa hiyo ukuta wa mfano haupaswi kubuniwa kwa nguvu zake wenyewe. Unapaswa kuonyesha nguvu za ukuta wa kweli. Tazama picha ya vihenge vya kisasa vya Babati, mkoani humohumo Manyara, vilivyojengwa kwa ajili ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, katika mradi wa mkopo kutoka Poland uliofika pia Makambako, Songea, Sumbawanga na kwingineko. Migongo ya bati imelala, inazunguka silo kama pete. Nje yake zimesimama nguzo nyembamba za chuma, kutoka chini hadi kwenye paa. Wengi wanaotengeneza mifano husimamisha migongo kama ya bati la ukuta wa duka, na nguzo huziacha kabisa.

Migongo imelala kwa sababu nafaka inasukuma kwenda nje, na ukuta wa duara unajibu kwa kukazwa mzunguko mzima. Bati la migongo iliyolala hukazika vizuri bila kujikunja. Ila lina udhaifu mmoja: ukilikandamiza kutoka juu, hujikunja kama kinanda cha mkono. Na kinacholikandamiza kutoka juu ni nafaka yenyewe, maana punje zinaukwaruza ukuta na kuning'inia juu yake. Kazi ya kuubeba uzito huo unaoning'inia ndiyo iliyopewa zile nguzo, na ndiyo maana huwa nene zaidi kadiri zinavyoshuka.

Jambo hili lilielezwa kwa hesabu na mhandisi wa Kijerumani, H. A. Janssen, mwaka 1895, na unaweza kulithibitisha jikoni. Chukua bomba la plastiki la inchi 2, lenye urefu wa sentimita 60. Lifunge wima kwenye mguu wa meza, mdomo wa chini ukaribie mzani wa jikoni bila kuugusa, na nafasi iliyobaki iwe ndogo kuliko punje ya mchele. Anza kumimina mchele. Mwanzoni mzani unapanda kwa kila kikombe. Kisha unapanda kwa kusitasita, halafu unasimama, ingawa unaendelea kumimina. Mchele unaojaza bomba hilo unakaribia kilo moja. Mzani hauoni hata robo yake. Uliobaki umebebwa na ukuta wa bomba. Kwa maji usingepata kitu kama hicho, kwa sababu maji hayaning'inii; shinikizo lake huongezeka hadi chini kabisa. Ndiyo maana simtanki si silo, na kuipaka rangi hakuigeuzi kuwa silo.

Bati lenyewe litengeneze kwa kopo la soda. Migongo ya bati la silo huachana kwa milimita 100 hivi, ambazo kwa skeli yetu ni milimita 1.15. Sasa chukua boliti inayofungwa kwa spana namba 13: uzi wake una hatua ya milimita 1.25, karibu sawa kabisa. Kata kopo kwa mkasi, ukivaa glavu kwa sababu kingo zake zinakata kama wembe, upate ukanda wenye upana wa milimita 13, ambao ni upana wa pete moja ya mabati ya silo. Ulaze juu ya kipande cha mpira wa baiskeli, weka boliti juu yake, ikandamize na uiviringishe kutoka mwanzo wa ukanda hadi mwisho. Mifereji itatokea kwa urefu wa ukanda, ikiinama kidogo sana kwa sababu uzi wa boliti unapanda. Geuza boliti pembeni kiduchu na mwinamo unapotea. Zungusha kanda hizo kwenye silinda ya karatasi ngumu, kuanzia chini, na kila pete ya juu ikae nje ya ile ya chini yake ili mvua isiingie kwenye kiungo. Utahitaji pete 18. Nguzo ni njiti za kiberiti zilizopasuliwa katikati. Usipake rangi ya fedha inayong'aa. Bati la zinki hung'aa mwaka wa kwanza tu. Baadaye hugeuka kijivu chenye mawingu, na chini kidogo huwa na vumbi jekundu au jeusi kufuata udongo wa mahali.

Paa nalo lina siri yake. Mimina ngano mezani kutoka urefu mdogo, upime mwinamo wa lundo: utapata nyuzi kati ya 25 na 28. Nafaka inayoingia silo kutoka juu, katikati, hupanda kwa mwinamo huohuo, na paa la silo hutengenezwa kwa nyuzi zipatazo 30 ili lilifuate lundo bila kuacha uwazi mkubwa wala kuguswa. Ukikata duara la karatasi lenye nusu kipenyo cha milimita 119.5 na kuondoa kipande cha nyuzi 48, likikunjwa linakaa juu ya silo yetu kwa nyuzi hizo 30. Kofia kali kama ya pia, ambayo ndiyo wengi huipenda, ni ya hadithi za watoto.

Juu ya paa inapita njia nyembamba ya chuma inayoziunganisha silo zote, na pembeni unasimama mnara wa kupandishia nafaka kwa mkanda wenye ndoo, mrefu kuliko silo zenyewe kwa sababu nafaka hushuka kwenye mabomba kwa uzito wake. Chini weka feni, moja au mbili kwa kila silo. Watu huzisahau, na bila feni silo ni chungu kilichofunikwa: usiku wa baridi wa Manyara hupoza ukuta, unyevu unasafiri ndani ya nafaka na kukusanyika juu, ukungu unaota. Mahindi yanayoingia silo lazima yawe yamekauka hadi unyevu wa asilimia 13 hivi, kwa hiyo karibu na mizani ya malori pawe na mtambo wa kukaushia. Tundu la kutolea nafaka liwe katikati ya sakafu. Silo nyingi zilizoanguka duniani zilianguka wakati wa kutoa nafaka kwa upande mmoja, ukuta ukaelemewa isivyo sawa na kujikunja.

Panda sasa Mbulu, ambako silo ya bati haikuwa na nafasi. Vijiji vya Wairaqw viko juu, kwenye miteremko yenye ubaridi na ukungu, na nyumba ya zamani ya tembe ilichimbiwa ubavuni mwa kilima, paa lake bapa la udongo likikaribia kulingana na ardhi ya nyuma. Kihenge cha kusukwa kwa fito na kukandikwa udongo na samadi kina mantiki yake, na si duni kuliko ya chuma. Udongo hufyonza unyevu na kuutoa taratibu. Duara la fito hukazwa na mzigo kama lilivyokazwa bati. Mahindi ya mabunzi yaliyowekwa darini juu ya jiko yalikaushwa na moshi, na moshi uliwafukuza wadudu. Kwa mfano, suka kihenge kwa njiti za ufagio wa chelewa zilizochanwa nyembamba, juu ya kiini cha mshumaa utakachokitoa baadaye, kisha kandika kwa udongo mfinyanzi uliochujwa kwa kitambaa. Kihenge cha kimo cha mita moja na nusu kinakuwa milimita 17. Ni kazi ya jioni nzima kwa kitu kisichozidi kidole gumba, na mimi naiona ndiyo kazi bora kuliko zote mezani, kwa sababu hakuna kiwanda kinachoiuza.

Lakini jiulize kwanza mandhari yako ni ya mwaka gani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 Tanzania ilivamiwa na dumuzi, mdudu mgeni kutoka Amerika ya Kati aliyeonekana kwanza upande wa Tabora. Wakulima walimwita Skania, kwa jina la lori, kwa kuwa alibeba kila kitu. Dumuzi hupenda mahindi yaliyo kwenye bunzi, maana punje zilizoshikiliwa humpa mahali pa kujikita akitoboa. Ushauri wa mabwana shamba ukabadilika: pukuchua, changanya dawa ya vumbi, weka kwenye magunia ndani. Mabunzi ya darini na vihenge vya wazi vikapungua. Miaka ya 2010 ikaja mifuko ya tabaka 3, miwili ya plastiki ndani ya mmoja wa kusukwa, inayoua wadudu kwa kuwanyima hewa, bila dawa. Mandhari ya mwaka 1970 yawe na mabunzi na vihenge. Ya mwaka 1995 yawe na magunia na mlango wenye kufuli. Ya leo yawe na mifuko mirefu iliyofungwa shingo kwa kamba, ikiwa imesimama mbali na ukuta.

Magunia yana sheria zake pia. Gunia la kilo 100 lina urefu wa mita moja na kidogo, kwa hiyo mezani ni milimita 12 au 13, na upana wa 8. Yafinyange kwa udongo, kila moja kivyake, uyabonyeze kidogo yakiwa mabichi ili yakae kama yaliyolaliwa na mengine. Kwenye ghala hayagusi sakafu. Yanapangwa juu ya chaga za mbao, kwa mpishano kama matofali, na kutoka ukutani iachwe mita moja ya kupita mtu wa kukagua. Ghala lenye magunia yaliyoegemea ukuta ni ghala litakalooza, na mtazamaji mjuzi ataliona hilo haraka. Kwenye lori mambo ni mengine: hapo utakuta lumbesa, gunia lililoongezewa kilemba cha kamba juu, jambo ambalo Wakala wa Vipimo wamelipiga vita miaka mingi kwa sababu linampunja mkulima. Likiwamo kwenye lori lako, liwemo kwa sababu lipo barabarani.

Na kuhusu ule uwanda wa ngano, sikubaliani na wanaouchora mtupu, kana kwamba hapakuwa na mtu kabla ya trekta. Ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarabaig, na ndani yake kulikuwa na makaburi ya wazee wao, vichuguu vya udongo vilivyojengwa kwa heshima kubwa na kuendelea kutembelewa. Mashamba yalimeza malisho na mengine ya makaburi hayo yalilimwa. Wanakijiji wa Mulbadaw waliishtaki NAFCO katika kesi ya mwaka 1981, wakashinda Mahakama Kuu, kisha wakashindwa kwenye rufaa. Acha basi njia ya ng'ombe ikatize shamba, na weka kichuguu kimoja cha kaburi ambacho ngano inakizunguka. Ni sehemu ya historia ya nafaka hiyo kama zilivyo silo.

Linabaki swali la nafaka yenyewe. Punje ya kweli ya hindi, ikiwekwa mezani, ni jiwe la zaidi ya nusu mita. Kwa mahindi ya lundo tumia sembe iliyopakwa manjano kidogo na kukaushwa. Kwa ngano, mchanga laini wa mtoni uliochekechwa kwa kitambaa, ukigandishwa kwa gundi ili usiingie kwenye injini ya treni.

Kule stesheni jenga jukwaa la kupakilia lenye kimo sawa na sakafu ya behewa, milimita 12 au 13 juu ya reli, na upande wa pili lori liweze kurudi nyuma hadi liguse ukingo. Lori la tani 30 linashusha magunia 300. Behewa la tani 40 linapokea 400. Kwa hiyo malori 4 yanajaza mabehewa 3, na ile silo moja ya tani 3,600 ingehitaji malori 120 au mabehewa 90. Panga treni yako kwa mafungu ya mabehewa matatumatatu, na uache nafasi ya malori manne kwenye foleni.